Mlima mpana karibu na hezi 50: rekodi kwa muda mrefu zaidi

Ndugu, umeuliza kama mlima mpana karibu na hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) kwenye mchoro wa mtetemo wa pampu yako ni dalili ya ubovu; usiifungue kuikagua bado. Umesema kihisi cha mtetemo kinachukua sampuli (vipimo) 1,000 kwa sekunde, rekodi ni ya sekunde 1 tu, na mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Gawa kwa 60: hezi 24.17. Mara mbili yake ni 48.3, na kilele hapo mara nyingi huashiria shafti zisizonyooka kwenye kaplingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu). Mvumo wa umeme unaoingia kupitia waya wa kihisi uko hezi 50. Sasa, rekodi ya sekunde 1 inakupa spektra (mchoro wa nguvu ya mtetemo kwa kila hezi) yenye hatua za hezi 1, basi vilele viwili vilivyoachana kwa hezi 1.7 vinashikana na kuonekana mlima mmoja.

Rekodi sekunde 10. Hatua itakuwa hezi 0.1 na utaviona vimesimama mbalimbali. Kuongeza sufuri mwishoni mwa data kunalainisha mchoro tu, hakutenganishi kitu. Wengi hunaswa hapo. Toa wastani kwanza, maana mvutano wa dunia unajaza hezi sifuri, kisha zidisha kwa dirisha la Hann (mkunjo unaofifisha mwanzo na mwisho wa rekodi) ili nishati isivuje pembeni.

Na tafadhali, weka kichujio cha kuzuia mitetemo ya kasi mno kabla ya kubadilisha mawimbi ya kihisi kuwa dijitali. Kwa sampuli 1,000, mtetemo wa hezi 970 utajitokeza kwenye hezi 30, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoutoa. Kilele kikibaki 48.3, hapo kagua kaplingi.