Kuiacha WinRAR bila kupoteza kumbukumbu

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo. Kumbukumbu zetu tangu mwaka 2011 zimebanwa kwa programu ya WinRAR katika mafaili ya .rar na kuwekwa kwenye diski moja ya nje. Kila tukifungua WinRAR tunakumbushwa kwamba siku 40 za majaribio zimekwisha, na mwenyekiti ameagiza tutumie programu huria. Je, tukiiondoa, mafaili hayo yatafunguka?
Msomaji, Tanga

JIBU: Yatafunguka, ndugu karani, na mwenyekiti wako ana haki, kwani chama kinachowadai wanachama wake marejesho kwa wakati hakipendezi kuishi miaka yote kwa majaribio yaliyokwisha muda. Pakua 7-Zip, programu huria ya kubana na kufungua mafaili, kutoka tovuti yake yenyewe, 7-zip.org. Programu hiyo, iliyoanzishwa na Igor Pavlov mwaka 1999, hutumika ofisini bila malipo wala usajili, na hufungua .rar za zamani pamoja na za muundo mpya ulioletwa na WinRAR 5.0 mwaka 2013. Kama faili limegawanywa vipande, viweke vyote katika folda moja, kisha ufungue cha kwanza tu.

Jambo ambalo 7-Zip haiwezi ni kutengeneza .rar mpya. Wenye muundo huo wametoa msimbo (maandishi ya programu) wa kufungulia peke yake, kwa sharti kwamba usitumiwe kubuni upya namna yao ya kubana. Kwa hiyo hata ndani ya 7-Zip sehemu hiyo ndogo haiko huru kabisa. Ndiyo maana nakushauri usiishie kubadili programu, bali uhamishe na kumbukumbu zenyewe.

Usianze kabla ya kunakili diski hiyo moja kwenye diski ya pili. Kisha fungua faili la mwaka mmoja, libane upya kuwa .7z, muundo wa 7-Zip yenyewe, uiamuru programu ilikague, halafu ufungue kwa macho yako mwenyewe daftari moja au mawili ya mikopo yaliyomo. La zamani lifutwe baada ya hapo tu. Unapoweka nywila, weka pia alama kwenye kisanduku cha kuficha majina ya mafaili. Usipofanya hivyo, atakayeiokota flashi yako hataweza kulifungua faili la "Wadaiwa_sugu_2016", lakini jina lake atalisoma, na mjini hilo linatosha kuzua maneno.

WinRAR ina sifa moja utakayoikosa: huweza kuongeza ndani ya faili taarifa za kulikarabati likiharibika kidogo, na .7z haina kitu hicho. Kwa chama chenu, nakala ya pili inayotunzwa nje ya ofisi ni kinga bora zaidi.

Mafaili ya kumpelekea mkaguzi yabane kwa .zip, kwa kuwa Windows huifungua bila programu ya ziada. Hata hivyo, ukitaka nywila, chagua AES-256, njia imara ya kufunga faili kwa nywila, maana njia nyingine ambayo 7-Zip huiweka yenyewe kwa .zip ni dhaifu. Kwa kuwa Windows peke yake haifungui .zip ya AES, mkaguzi naye atahitaji 7-Zip. Mwambie mapema, na nywila umpe kwa simu, si katika barua pepe ileile iliyobeba faili.