Jiko la gesi la kuchomea nyama: vichomeo sita au vitatu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tunaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, karibu kabisa na bahari. Mkaa umetuchosha, na Jumapili huwa tunafika watu kumi hivi uani. Nimeona majiko mawili ya gesi ya kuchomea nyama. Moja limetumika, limekuja na kontena kutoka Marekani, lina vichomeo sita na limeandikwa BTU 60,000. La pili ni jipya, vichomeo vitatu, BTU 30,000. Bei zinakaribiana. Nina mtungi wa kilo 6 na mwingine wa kilo 15. Nichukue lipi? Na nyama ya gesi itakuwa na ladha kweli?

JIBU: Nzuri, dada. Chukua la vichomeo vitatu, lakini usilipe kabla hujalipitishia sumaku.

Kwanza hiyo BTU. Ni kipimo cha gesi ambayo jiko linakula kwa saa, wala haikuambii linachoma vizuri kiasi gani. Hilo la 60,000 likiwashwa lote linateketeza kama kilo 1.3 za gesi kwa saa, na la 30,000 nusu yake. Tena mtungi wako wa kilo 6 hautaweza kulilisha hilo kubwa. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inanyonya joto la mtungi wenyewe. Ukiivuta kwa kasi, mtungi unakuwa baridi, unatoka jasho kwa nje, na moto unafifia wakati gesi bado imo. Watu hudhani wamepunjwa dukani. Kwa jiko la aina yoyote la uani, tumia ule wa kilo 15.

Kipimo ninachokiamini mimi ni nguvu ya moto kwa ukubwa wa wavu. Gawanya BTU kwa 3,412 upate kilowati: 30,000 inakupa kama 8.8, yaani wati 8,800. Kisha pima wavu kwa futi kamba. Wavu wa sentimita 60 kwa 40 una sentimita za mraba 2,400, kwa hiyo kila moja inapata wati 3.7 hivi. Ukiwa kati ya 3.5 na 4.5 uko pazuri. Chini sana ya hapo nyama inatoa maji na kuchemka badala ya kuchomeka.

Sasa chuma, na hapa ndipo nakuomba uwe mkali, kwa sababu chumvi ya bahari haina huruma. Chuma cha pua si kimoja. Daraja la 304 lina nikeli nyingi na linastahimili pwani. Sumaku hailishiki, au inalishika kwa mbali sana. Daraja la 430 ni la bei nafuu, sumaku inaling'ang'ania, na upepo wa bahari unalipiga kutu mapema. Wauzaji hung'arisha mfuniko kwa sababu ndio unaoonekana. Wewe nyanyua wavu, ng'oa vile vibati vinavyofunika vichomeo, uguse sumaku kwenye vichomeo vyenyewe. Kwenye lile lililotumika, angalia matundu ya moto mmoja mmoja: yaliyoliwa na kutu yanakuwa makubwa na yasiyolingana, na hapo moto unatoka wa njano, unapaka masizi kwenye nyama. Moto mzuri ni wa bluu.

Kama bado moyo uko kwa la Marekani, soma kibati chake cha maelezo. Kikiandikwa "Natural Gas" liache. Hilo limetengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, tundu za nozeli zake ni kubwa, na ukilifunga kwenye mtungi moto utaruka vibaya. Kikiandikwa "Propane" au "LP", shinikizo lake ni kama milibari 27, na regulata nyingi za majumbani huku hutoa 28 hadi 30, kwa hiyo linafaa. Lakini nati ya mpira wake haitaingia kwenye mtungi wa hapa. Fundi abadilishe mpira na regulata vyote viwili. Asikufungie kabisa regulata ya shinikizo kubwa, ile ya majiko ya mahotelini. Mota ya kuzungushia kuku nayo itakuwa ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inaungua hapo hapo.

Vichomeo vitatu vinakutosha watu kumi kwa sababu huhitaji kuwasha vyote. Mbavu za mbuzi ziweke upande usio na moto, washa kichomeo cha mwisho upande wa pili, funika, uziache ziive taratibu, halafu uzimalizie juu ya moto. Kwa hiyo hakikisha mfuniko unakaa sawasawa. Mishkaki haihitaji mfuniko.

Siku ya kwanza paka maji ya sabuni kwenye maungio yote ukiwa umefungua mtungi na jiko limezimwa. Povu likivimba, funga mtungi urekebishe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, basi usiliweke jiko karibu na chemba ya maji machafu wala kwenye kibaraza kilichozibwa pande zote. Na unapowasha, mfuniko uwe wazi daima.

Kuhusu ladha: harufu ya nyama choma inatoka kwa sehemu kubwa kwenye mafuta yanayodondokea joto na kurudi juu kama moshi, na vile vibati vya juu ya vichomeo vinafanya kazi hiyo hiyo. Ukitaka moshi zaidi, weka vijiti vikavu vya mpera kwenye kopo la bati lililotobolewa, liweke juu ya kibati kimoja, usubiri moshi uanze ndipo upange nyama.