Kinanda cha Zamani, Kompyuta Mpya: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yanaimba wimbo mmoja: chombo ni kizima, kompyuta ni mpya, ila havisikilizani. Kabla hujatoa hela ya kebo yoyote, jiulize kwanza: kilichokwama ni waya au ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa? Waya unanunulika. Draiva ambayo mtengenezaji aliitelekeza miaka kumi iliyopita hainunuliki popote. Haya, tuanze.

Shikamoo fundi. Nimerithi kinanda cha mwaka 1988. Nyuma kina matundu ya duara yaliyoandikwa MIDI IN, OUT na THRU. Laptopu yangu ina USB-C tu. Kimeshapitwa na wakati?

Marahaba. Hakijapitwa hata kidogo, na kati ya wote walioandika wewe ndiye mwenye bahati kuliko wenzako. MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, ilionyeshwa hadharani Januari 1983, pale sinthesaiza (vinanda vinavyounda sauti kwa umeme) mbili za watengenezaji wawili tofauti, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland, zilipounganishwa kwa waya zikapiga sauti pamoja. Pini tano, biti 31,250 kwa sekunde, chaneli 16. Vipimo hivyo havijaguswa tangu siku ile, kwa hiyo kinanda chako kinasema lugha ambayo programu ya leo inaielewa bila mkalimani.

Unachohitaji ni kidude cha kati: upande mmoja USB, upande wa pili plagi mbili za pini tano. Tafuta kile kinachojitambulisha chenyewe kwa kompyuta bila kudai draiva. Hivyo ndivyo hufanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux, hata tableti, na ndivyo vitakavyoendelea kufanya kazi mfumo ukibadilika tena. Kama kina plagi ya USB ya zamani, adapta ndogo ya kwenda USB-C inatosha.

Sasa tahadhari iliyowahi kunila jioni nzima. Vidude vingi vya namna hii huandikwa IN na OUT kwa mtazamo wa kompyuta. Yaani plagi iliyoandikwa IN huchomekwa kwenye tundu la OUT la kinanda. Ukioanisha maandishi, IN kwa IN, hupati kitu, na utaanza kulaumu laptopu. Namna ya kuhakikisha: vinanda vingi vya zamani hutuma ishara ya "bado nipo hai" takriban kila milisekunde 300, hata kama hujagusa kitufe. Kidude chenye taa kitakuwa kinapepesa chenyewe. Kisipopepesa, bonyeza nota moja. Kikibaki kiza, geuza plagi.

THRU iache kwanza. Ni ya kupitisha tu kile kilichoingia IN kwenda kwenye chombo kingine.

Nimeunganisha MIDI, nota zinaonekana kwenye programu, lakini kinanda hakisikiki kwenye kompyuta. Kebo ni mbovu?

Kebo ni nzima. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo. Ukibonyeza C ya katikati, kinachosafiri ni baiti tatu tu: "chaneli 1, nota 60, nguvu 92". Safari hiyo huchukua chini kidogo ya milisekunde moja, na ndani yake hamna hata chembe ya mlio wa kinanda.

Ukitaka sauti yenyewe, toa waya wa pili kwenye matundu ya LINE OUT, kushoto na kulia, uingize kwenye kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, yenye njia za laini. Usilazimishe kwenye tundu la hedifoni la laptopu: mara nyingi upande wake wa kuingiza ni wa maikrofoni, chaneli moja, na sauti ya kinanda itaingia imepasuka.

Kila nota nasikia mara mbili, kama kuna mtu nyuma yangu.

Zima "Local Control" kwenye kinanda. Sasa hivi vitufe vyake vinapiga sauti ya ndani moja kwa moja, halafu programu inairudisha nota ileile kwa MIDI ili ipigwe tena. Ukizima, vitufe vinaongea na kompyuta peke yake. Ila ukimaliza kurekodi kumbuka kuwasha. Nimeshaletewa kinanda "kilichokufa" ambacho kilikuwa kimezimwa Local tu.

Natumia kidude cha bei rahisi. Nota zinapita vizuri, lakini nikijaribu kuhifadhi sauti zangu kutoka kwenye kinanda changu cha Yamaha DX7 kwenda kwenye kompyuta, inakataa au faili linakuja nusu.

Swali hili nimelifurahia kwa sababu wengi hukimbilia kusema chombo kimeharibika. Nota ni ujumbe mfupi. Benki ya sauti ni ujumbe mmoja mrefu, unaoitwa SysEx, unaoanza na baiti ya alama F0 na kuishia na baiti ya alama F7, na katikati hauruhusiwi kukatika. Benki ya sauti 32 za DX7 ina baiti 4,104. Kwa mwendo wa MIDI hiyo ni sekunde moja na kitu. Vidude vya bei ya chini vingi vina kumbukumbu ndogo mno ndani. Vikimiminiwa ujumbe mrefu hivyo, vinafurika na kudondosha baiti njiani bila kukwambia.

Kwa hiyo hesabu. Pokea benki kwa MIDI-OX kama uko Windows, au SysEx Librarian kama uko Mac, kisha angalia ukubwa wa faili. Ukisoma 4,104, mzigo umefika mzima. Ukisoma 4,097 au 2,900, futa, usihifadhi, maana faili pungufu ni baya kuliko kukosa faili. Rudia mara mbili tatu. Likiendelea kuja pungufu, kidude hicho kiachie kazi ya nota, utafute kingine cha kampuni inayotengeneza vifaa vya muziki. Mara chache sana namshauri mtu aongeze pesa, ila hapa ongeza.

Ukirudisha sauti kwenye kinanda, mambo mawili. Zima kinga ya kumbukumbu kwenye kinanda chenyewe, la sivyo kitapokea na kutupa. Halafu, kama unatuma jumbe kadhaa mfululizo, weka pumziko katikati. Vichakato vya miaka ya 80 vinahitaji kuvuta pumzi.

Na usichelewe kufanya kazi hii. Sauti zako zinalindwa na betri ya lithiamu iliyo ndani ya kinanda, na betri haina ahadi na mtu. Hifadhi kwanza, ndipo umwite fundi aibadilishe.

Umeuliza pia kwa nini programu yako ya zamani ya kupanga sauti haifunguki kwenye Mac mpya. Bila shaka ni ya biti 32. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 programu hizo hazifunguki tena. Mafaili yake, hata hivyo, kwa kawaida ni SysEx tupu, na programu mpya huyasoma.

Nina kadi ya sauti ya FireWire, ule waya wa kompyuta wa zamani, yenye njia nane za maikrofoni. Ilinigharimu sana. Nimeona adapta ya kutoka FireWire kwenda USB, itafaa?

Hapana, tena usiichomeke. Hicho ni kiplagi kilichobadilishwa umbo tu, ndani hakina ubongo wa kutafsiri. FireWire na USB ni lugha mbili tofauti kabisa, na umeme wake pia: waya wa FireWire unaweza kubeba hadi volti 30, wakati USB ya kawaida ni volti 5. Vikikutana vibaya, kitu kitaungua.

Njia halisi zipo, kila moja na mwiba wake. Kwenye Mac, unaunga adapta ya Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, halafu ya Thunderbolt kwenda FireWire 800, halafu kebo ya kushuka hadi 400 kama kadi yako ni ya 400. Mlolongo unachekesha ukiuona mezani, lakini unafanya kazi, na kadi uipe umeme wake mwenyewe badala ya kuutegemea waya. Mwiba: macOS 26, iliyotoka mwaka 2025, imeondoa FireWire kabisa. Kama Mac yako bado iko kwenye toleo la nyuma na kadi inafanya kazi, usibonyeze "sasisha".

Kwenye kompyuta ya mezani ya Windows, weka kadi ya FireWire ya PCI Express, hasa yenye chipu ya Texas Instruments, kwani watengenezaji wa vifaa vya sauti walizoea kuijaribu hiyo. Mwiba ni draiva ya kadi ya sauti yenyewe. Linux, ajabu, ndiyo yenye ukarimu zaidi: kadi nyingi za FireWire zina draiva ndani ya kiini chake.

Lakini mimi ningepita mlango wa uani. Tazama nyuma ya kadi yako kama ina tundu la mwanga lililoandikwa ADAT, yaani njia ya kupitisha chaneli nane za sauti kwa mwanga. Kama lipo, na kama kadi inaweza kufanya kazi bila kompyuta, basi umeshapata vikuza sauti nane. Nunua kadi ndogo ya kisasa ya USB yenye mlango wa kuingiza ADAT, unganisha kwa kebo ya mwanga, na njia zako nane zinaingia kwa 44.1 au 48 kHz. Ukipanda hadi 96, nyingi hubaki na nne.

Sharti moja: saa, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa sampuli za sauti, iwe moja. Kadi mpya iweke ifuate saa inayotoka kwenye ADAT, au kinyume chake, ila zisiwe zote mbili zinajiongoza. Ukisikia tiki-tiki kama mchanga kwenye rekodi, ni saa mbili zinagombana. Na mipangilio ya ile ya zamani, kasi ya sampuli na njia za kutokea, huenda ukalazimika kuipanga mara moja kwa kutumia kompyuta ya zamani kabla hujaitenga. Kwa hiyo kompyuta hiyo usiigawe leo.

Windows 11 inakataa draiva ya kidude changu cha mwaka 2006. Nizime ulinzi?

Angalia kwanza kama draiva ni ya biti 32. Kama ndivyo, acha kuhangaika, Windows 11 ni ya biti 64 tu na haitaipakia hata ukiiomba vipi. Kama ni ya 64 ila inazuiwa na "Memory Integrity", unaweza kuzima ulinzi huo, lakini sikushauri kwenye kompyuta unayofanyia miamala ya benki. Jaribu kitu kingine: ondoa draiva yote, anzisha kompyuta upya, chomeka kidude kitupu. Baadhi yake vina swichi ndogo au mpangilio ndani ya menyu unaokirudisha kwenye hali ya kawaida isiyohitaji draiva. Wengi hawajui swichi hiyo ipo.

Kinanda changu cha Yamaha kina tundu la TO HOST na swichi yenye MIDI, Mac, PC-1, PC-2. Niweke wapi?

MIDI. Halafu sahau kuwa TO HOST ipo. Ilikuwa ya kuunga moja kwa moja kwenye milango ya mfululizo ya kompyuta za miaka ya 90, milango ambayo laptopu yako haijawahi kuiona. Tumia matundu ya pini tano.

Nina sampla, chombo cha kurekodi milio na kuipiga kama nota, yenye flopi. Nimenunua kisomaji cha flopi cha USB, lakini kinasema diski haijaandaliwa.

Usikubali inapokuuliza kama iiandae. Itafuta kila kitu.

Visomaji vya USB vingi vinajua diski za kompyuta tu, za 1.44 MB na wakati mwingine 720 KB. Sampla nyingi ziliandika kwa mpangilio wao wenyewe, kwa hiyo diski ni nzima ila msomaji hajui herufi. Kuna bodi ndogo iitwayo Greaseweazle ambayo, ikiungwa na kiendesha flopi cha kawaida cha ndani, husoma sumaku yenyewe jinsi ilivyo bila kujali mpangilio. Nakili hivyo kwanza. Baadaye unaweza kung'oa kiendesha flopi cha sampla na kuweka kiigizaji cha Gotek kinachotumia flashi. Waya wa pini 34 huwa ni uleule, ila hakikisha mpangilio wa pini kwa modeli yako kabla ya kuwasha umeme.

Nikiunga kinanda, kadi na laptopu, spika zinavuma. Ni MIDI?

Karibu kamwe si MIDI. Ndani ya tundu la kupokea, ishara huvuka kwa mwanga, taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili, bila umeme kugusana. Chomoa chaja ya laptopu ukiwa unasikiliza. Mvumo ukikatika, ni mzunguko wa ardhi, umeme unaozunguka kati ya vifaa kupitia waya za ardhi, unaopitia chaja, na dawa yake ni boksi la DI (kisanduku cha kupitishia sauti) lenye transfoma ya kutenganisha umeme kati ya kinanda na kadi. Pini ya ardhi kwenye plagi ya ukutani usiiguse, hata kama jamaa yako aliikata na akapona.