Is This It: kuiga au la?

Ndugu, umeuliza kama The Strokes, bendi ya roki ya New York, waliiga tu The Velvet Underground, bendi ya roki ya mji huohuo ya miaka ya 1960, kwenye albamu yao ya kwanza, Is This It. Mimi nasema hapana, ingawa ukoo unasikika. Sikiliza yale magitaa mawili, la Nick Valensi na la Albert Hammond Jr.: kila moja lina njia yake, halafu yanasukana kama ukili. Dramu za Fabrizio Moretti ni kavu, zimebana, utadhani mashine. The Velvet Underground, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1967, hawakupiga hivyo!

Na sauti ya mwimbaji wao, Julian Casablancas, ilipitishwa kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi, ndiyo maana inakwaruza kama mtu aliye kwenye simu. Mkwaruzo huo naupenda mno. Gordon Raphael ndiye aliyerekodi, katika studio ya chini ya ardhi huko Manhattan.

Ukitafuta CD, chukua ya Uingereza. Ya Marekani ilitoka Oktoba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na wimbo New York City Cops, unaowakejeli polisi wa New York, ukaondolewa. Nyimbo 11, dakika 36 hivi. Isikilize yote kwa mkao mmoja.