Jibu: NDVI peke yake haitoshi kupima athari za ukame msituni

Ndugu, umeuliza kama NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea kutoka picha za setilaiti) pekee inaweza kuonyesha kwamba msitu umedhurika kwa kukosa maji. Haitoshi, maana inachelewa. Mti ukipungukiwa maji hufunga kwanza vitundu vya hewa kwenye majani; ukijani unaweza kubaki wiki kadhaa, na NDVI haioni kitu. Kwenye msitu mnene ni mbaya zaidi: thamani hugota karibu na 0.8 au 0.9 na kukwama hapo.

Ongeza NDMI, kipimo cha unyevu wa majani kutoka picha za setilaiti. Kwa setilaiti za Sentinel-2 ni (B8A − B11) ÷ (B8A + B11), pikseli za mita 20; B8A na B11 ni bendi zake za mwanga wa infraredi. Ondoa mawingu na vivuli vyake kwanza, kisha linganisha mwezi uleule wa miaka tofauti. Data za Sentinel-2 zinaanzia 2015, muda mfupi kujua hali ya kawaida. Landsat, setilaiti za zamani zaidi, itakurudisha hadi miaka ya 1980.

Halafu ingia msituni na chemba ya shinikizo, kifaa kinachosukuma maji yatoke kwenye jani lililokatwa ili kupima mti una kiu kiasi gani. Pima kabla ya alfajiri, hali ya maji ya mti ikiwa imekaribia kulingana na ya udongo. Kipimo cha adhuhuri huchanganya ukavu wa hewa na wa udongo. Kata jani, lifunge papo hapo kwenye mfuko wa plastiki, pandisha shinikizo polepole hadi tone la kwanza la maji litokee kwenye mkato. Ukiharakisha, tone hilo litakupita na mti utaonekana una kiu kuliko ulivyo. Hapa ndipo wengi huharibu data.

Miti ya kandokando ya mto ichambue peke yake. Mizizi yake ikifikia maji ya chini ya ardhi, itaficha ukame wa msitu mzima.