Mzigo hewa: kwa mnaoanza kazi supamaketi yenye roboti

Mdogo wangu unayeanza kupanga mzigo supamaketi huku Marekani, siku ya kwanza tu utapishana na kidude kirefu chembamba kinatambaa polepole kati ya shelfu. Usikiogope. Kina kamera ubavuni, kinapiga picha bidhaa na lebo za bei, afu programu inaangalia wapi pako wazi, wapi bei siyo. Huyo ni roboti, mmojawapo ni Tally wa kampuni ya Simbe, supamaketi za Schnucks kule St. Louis walianza kumjaribu 2017, ikafika 2021 wakatangaza kumpeleka maduka yote 111.

Sasa shika hili: usizibe tundu. Mimi wiki za mwanzo nikiona pengo nasogeza bidhaa ya jirani ili shelfu ipendeze, siku moja nikaziba nafasi ya nyanya za vipande kwa nyanya za kusaga, kampuni ileile, kopo rangi ileile, roboti akapita akaona kumejaa. Huku kompyuta inasema za vipande zipo 12, kumbe zilishaisha zamani, wizi au mtu wa kaunta aliskani kopo moja mara mbili tatu badala ya kila aina, nani ajue, na kwa vile mfumo unaamini zipo basi hauagizi. Siku nne wateja wanauliza. Mimi naita mzigo hewa, kama wale wafanyakazi hewa wa kwetu, kwenye karatasi wapo, ukiita majina haitiki mtu. Supavaiza alivuta kopo moja akasoma lebo, akanitazama, akaondoka.

Tundu liache wazi. Ripoti ikitoka chukua nenda stoo, angalia na juu ya shelfu kwenye katoni za akiba, ukikosa kabisa mwambie mwenye skana ya mkononi aandike sifuri, hapo ndo oda inatoka. Roboti hawezi kufungua katoni. (Kwenye nguo ni kesi nyingine, chipu ya redio kwenye lebo ya nguo inasomeka hata ndani ya rundo.)

Wakikutisha kuwa kazi inaisha mwakani, wakumbushe Walmart 2020 waliachana na Bossa Nova, kampuni ya roboti kama hizi, na roboti zake zilikuwa kwenye maduka kama 500.

Ah, na toroli, usiiache katikati ya njia saa ya mzunguko wa roboti, akishindwa kupita kipande hicho hakipigwi picha, mi nikimwona tu anakunja kona naisukuma mpaka mwisho wa mstari.