Hifadhidata inasema sifuri, gridi inasema moja

Wewe unayeanza kutengeneza programu za Android, mapema tu utapewa skrini ya gridi: tuseme bidhaa za duka, kila picha na idadi iliyobaki. Kuipanga si kazi. Kazi inaanza soda ya mwisho ikiuzwa, hifadhidata ikaandika sifuri, gridi ikabaki na moja.

Wengi huandika kwenye hifadhidata, kisha wakairekebisha na skrini kwa mkono. Usizoee hivyo. Leo badiliko linatoka kwenye kitufe, kesho litatoka kwenye seva usiku, na hapo nani ataikumbuka skrini? Gridi isikilize hifadhidata, basi. Ukitumia Room, maktaba ya Android ya kushughulikia hifadhidata, swali lako (query) lirudishe Flow, yaani mkondo unaoleta matokeo mapya kila mara. Jedwali likiguswa, Room inauliza upya na kukuletea orodha mpya. Jedwali lolote la swali hilo, mstari wowote: hata badiliko lisilokuhusu litakuletea orodha yenye mambo yaleyale, ndiyo maana tunaweka distinctUntilChanged, inayoruka orodha isiyobadilika. Ila ukiandika kwa muunganisho mwingine wa SQLite, hifadhidata yenyewe iliyo chini ya Room, ukaipita Room, Room haitasikia kitu.

Orodha ikifika, notifyDataSetChanged, amri ya kuiambia gridi kwamba data yote imebadilika, itakushawishi. Inafanya kazi, lakini inajaza upya kila kadi inayoonekana, hata zisizobadilika. Chukua ListAdapter, adapta inayoipa gridi kadi zake, na DiffUtil inayolinganisha orodha ya zamani na mpya. Kwenye areItemsTheSame, sehemu ya DiffUtil inayouliza kama ni bidhaa ileile, linganisha kitambulisho tu. Yaliyomo yaachie areContentsTheSame. Ukiyachanganya, bidhaa iliyopungua itahesabika imefutwa na nyingine kuwekwa mahali pake.

Mtego unaowapotezea watu siku nzima ni huu: mtu anabadilisha kitu ndani ya orodha ileile, anaipeleka tena kwa adapta kupitia submitList. Kimya. Hata logi haina kosa. ListAdapter ikipewa orodha ileile haihangaiki kulinganisha. Ipe orodha mpya, na bidhaa zenyewe ziwe data class za Kotlin zenye val, yaani sehemu zisizobadilishwa zikishaandikwa. Ukichezea bidhaa ya zamani, ya zamani na mpya zinakuwa kitu kimoja, tofauti itaonekana wapi?

Kwenye Compose, njia nyingine ya Android ya kujenga skrini, gridi yake LazyVerticalGrid ipe key ya kitambulisho. Bila hiyo inafuata nafasi: bidhaa mpya ikiingia juu, alama ya tiki inahamia kwa jirani.

Kabla ya kukabidhi, fungua Database Inspector ya Android Studio, zana ya kuona na kuhariri hifadhidata ya programu, badilisha idadi moja programu ikiwa wazi. Gridi ikinuna isibadilike, adapta iache kwanza. Kagua kama swali linarudisha Flow kweli.